Jenereta ndogo nyumbani na kanisani: tuhesabu gharama, tulinde uhai

KASONGO – Tarehe 27 na 28 Januari 2025, viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam kuzungumza juu ya umeme. Mpango wao, unaoungwa mkono na Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni kuwafikishia umeme watu milioni 300 kufikia mwaka 2030. Nchi yetu ilikuwa kati ya nchi 12 za kwanza kuleta ahadi zao kwa maandishi: leo Mkongomani mmoja hivi kati ya watano ana umeme, na ahadi ni kupita asilimia 60. Siku hizo hizo M23 walikuwa wanaingia Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Sisi wa kusini mwa Maniema tulisikia habari hizo mbili kwenye redio moja, na redio yenyewe ilikuwa ya betri.

Tangu hapo, katika ziara zetu za Kasongo na Kabambare, waumini wanatuuliza swali moja zaidi ya yote: mchungaji, tununue jenereta gani? Anauliza mwalimu aliyepata mishahara yake ya nyuma, mama anayeuza vinywaji baridi, na kamati ya kanisa iliyokusanya sadaka ya pekee. Swali ni la haki. Tangu Inga I ya 1972 na Inga II ya 1982, umeme wa taifa letu umesafiri zaidi ya kilomita 1,700 juu ya vichwa vya wanavijiji hadi migodi ya Kolwezi, lakini waya wa taifa haujafika Kasongo. Anayetaka mwanga anajitafutia mwenyewe. Ndiyo maana tumeona vema kuandika tuliyojifunza, pamoja na makosa yetu.

Kosa la kwanza lilikuwa la fedha. Moja ya makanisa yetu lilinunua mashini ya kVA 5 kwa sababu kanisa jirani lilikuwa na ya kVA 3. Siku ya kuiwasha tulipiga vigelegele. Baada ya miezi minne ilikuwa imefunikwa kwa pagne nyuma ya mimbari, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuilisha. Bwana Yesu, katika Luka 14:28, alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, na namna anavyopaswa kukaa kwanza na kuhesabu. Sisi tulihesabu bei ya mashini. Hatukuhesabu bei ya esanse.

Basi tuanze na hesabu. Kabla ya kwenda dukani, andikeni kwenye karatasi vitu mnavyotaka kuwasha kwa wakati mmoja. Taa ya kisasa ya LED inakula wati 5 hadi 10. Simu inayochajiwa haifiki wati 20. Kompyuta ya kubeba ni karibu wati 60. Amplifaya na spika za kanisa la kawaida ni kama wati 300. Pasi ya umeme peke yake inaomba wati 1,000 na zaidi, na kwa hiyo tunawaambia akina mama waendelee na pasi ya makaa. Friji inadanganya: ikishatembea inakula wati 150 tu, lakini wakati wa kuanza inaweza kuomba mara tatu au zaidi ya hapo. Mashini lazima iweze kubeba ule mshituko wa kwanza.

Kisha someni kibao cha mashini. Wauzaji wanataja kVA, lakini vyombo vyetu vinahesabiwa kwa wati. Kwa mashini nyingi hizi, kVA 1 inatoa wati 800 hivi, na si vizuri kuibana mpaka mwisho kwa saa nyingi. Kwa hesabu hiyo, kanisa lenye taa nane, amplifaya na kinanda linatoshwa na mashini ya kVA 1. Nyumba yenye taa, simu na televisheni inahitaji hata chini ya hapo. Mwenye friji ndiye anayeanza kufikiria kVA 2 au 3.

Angalieni sasa tofauti ya mafuta. Jenereta ya kawaida inazunguka kwa mwendo ule ule, iwe imebeba taa mbili au vyombo vyote. Mashini ya kVA 5 yenye mzigo mdogo inaweza kunywa karibu lita 1.5 kwa saa. Ndogo ya kVA 1 inakunywa karibu nusu lita. Kwa ibada ya saa tatu kila Jumapili, mwaka mzima, ile kubwa inataka lita 234, na ndogo inataka 78. Tofauti ni karibu bido 8 za lita 20. Ni watoto wangapi wa kanisa mngewalipia shule kwa bido hizo?

Na bei ya bido haiamuliwi na sisi. Njia zetu ni chache: barabara ya Bukavu kupitia Kamituga, ile ya Kabambare inayoelekea Fizi na Ziwa Tanganyika, na reli inayopita Samba, ng'ambo ya Lualaba. Vita vikifunga njia moja, au mvua ikikata daraja, au treni ikikosa kuja, esanse inapanda siku hiyo hiyo. Kijana anayesukuma baiskeli yenye bido nne katika matope hawezi kukuuzia kwa bei ya Lubumbashi. Anayenunua mashini kubwa hapa kwetu anaikabidhi kazi ya kanisa kwa barabara ambayo hana uwezo juu yake.

Kuhusu aina, ziko tatu sokoni. Ile ndogo kabisa ambayo unachanganya oili ndani ya esanse ni rahisi kwa bei, lakini ina moshi na kelele nyingi. Ndugu zetu wa Nigeria waliipa jina la kejeli, wakisema angalau namzidi jirani yangu. Ya pili ni ile yenye oili yake pembeni. Inadumu zaidi, na mafundi wetu wanaijua. Ya tatu ni ile ya inveta: ina bei kubwa, lakini inapunguza mwendo wakati mzigo ni mdogo, haina kelele sana, na umeme wake ni salama kwa kompyuta. Ushauri wetu kwa wengi ni ile ya pili, ya ukubwa mdogo, ya chapa ambayo buji, kamba na kabureta yake vinapatikana Kasongo. Mashini nzuri isiyo na vipuri ni chuma tu. Mkumbuke pia kwamba mpya mara nyingi inauzwa bila oili ndani. Ukiivuta hivyo itajiua kwa dakika chache. Badilisheni oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100, na mapema zaidi wakati wa vumbi la kiangazi.

Lakini tuseme wazi: kwa taa na simu, jenereta si jibu la kwanza. Pano moja ya jua ya wati 100, kwa siku yenye jua zuri la saa tano, inaweza kukuletea wati-saa 400 hivi. Taa sita za wati 5 zikiwaka saa nne zinakula 120 tu. Jua halipiti Kamituga. Siku za mvua litapungua, na betri mbaya ni nyingi sokoni, lakini kituo cha afya kinachozalisha akina mama usiku kingefaa kuwa na pano kwanza, na jenereta iwe msaidizi wa kazi nzito.

Kosa la pili lilikuwa la uhai, na tunaliandika kwa huzuni. Upande wa Kabambare, moja ya makanisa yetu liliazima familia mashini kwa ajili ya matanga. Usiku mvua ikanyesha. Kwa kuogopa mvua na wezi, wakaiingiza kwenye ukumbi wa nyumba na kufunga mlango. Asubuhi watu wanne hawakuamka. Walipobebwa nje penye hewa, watatu walirudiwa na fahamu. Mtoto mmoja hakurudi.

Kabla ya saa sita mchana, kundi la watu lilikuwa mlangoni kwa mama mzee mjane, jirani wa familia ile. Walisema ndiye aliyewafuata wafiwa usiku. Tulisimama mlangoni pale pamoja na mwuguzi wa kituo cha afya, naye akaeleza kwa sauti kubwa kilichoua. Watu waliondoka polepole, wengine bila kuamini. Mama yule yu hai. Lakini tulipaswa kusema neno lingine mbele ya watu wale, na tulilisema: mashini ilikuwa ya kanisa, na sisi tuliitoa bila kumwonya mtu.

Kilichoua ni hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Inatoka katika moshi wa injini, nayo haina rangi wala harufu. Inajishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa tunayoihitaji. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na kulegea, na kwetu mtu anafikiri ni malaria. Aliyelala hapati hata hizo dalili. Mbabula wa makaa ndani ya chumba kilichofungwa unafanya vile vile.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Tulisoma mstari huo miaka mingi bila kujua unatuhusu. Mwenye chombo anawajibika kwa hatari ya chombo chake. Kwa hiyo tumekubaliana, na tunaomba kila kanisa lipokee masharti haya:

Mashini ikae nje siku zote, hatua kumi kutoka mlango na dirisha, na moshi uelekee mbali na watu. Dirisha wazi halitoshi, wala baraza.

Kwa mvua, jengeni kibanda cha bati kisicho na kuta. Kwa wezi, nunueni mnyororo.

Izimwe kabla ya watu kulala.

Isijazwe mafuta ikiwa moto, ingojwe ipoe.

Mwenye waya za SNEL, kama ndugu zetu wa Kindu, asiingize umeme wa jenereta katika waya za nyumba bila fundi na swichi ya kubadilishia. Umeme huo unaweza kurudi barabarani na kuua mfanyakazi anayetengeneza waya.

Anayeazima mashini ya kanisa asomewe masharti haya mbele ya shahidi.

Esanse nayo isilale chumbani na watoto. Watu wa mashariki hatujasahau Sange, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka na moto kuwamaliza watu zaidi ya 200. Bido moja ni ndogo kuliko lori, lakini nyumba ya nyasi nayo ni ndogo. Na unaponunua kwa kadhafi wa barabarani, weka mafuta kwenye chupa nyeupe na uyaache yatulie: kama kuna maji utayaona chini.

Neno moja juu ya jirani. Kelele ya mashini yetu inaingia katika nyumba ya mgonjwa asiyefaidi taa yake. Kanisa moja la Kasongo limeamua kwamba, mashini ikiwaka kwa mazoezi ya kwaya, wakimbizi waliopokewa mtaani wanachaji simu zao bure, na saa mbili usiku kunakuwa kimya. Kuna daftari la esanse, na mweka hazina analisoma mbele ya waumini kila mwisho wa mwezi. Tangu hapo maneno ya chini chini yamekwisha.

Mwisho, tusikubali jenereta itufunge kinywa. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL: wengine wanaweza kuzalisha na kuuza umeme, na mikoa ina sehemu yake ya mamlaka. Maniema ina mito. Ahadi ya Dar es Salaam imeandikwa kwa jina la nchi yetu. Wabunge wetu wanapokuja kutusalimia kanisani, tuwaulize kwa heshima: katika watu wale waliohesabiwa mpaka 2030, Kasongo na Kabambare mumo? Tukingoja jibu, tununue kidogo, tuweke nje, tuzime kabla ya kulala. Na familia ile ya Kabambare tuikumbuke katika maombi yetu, pamoja na yule mama mjane.