Mashine Kuukuu ya Mashua

Katika mabanda ya nyavu ya pwani ya Kenya, tangu Lamu na Pate mpaka Vanga, na vilevile katika vijiji vilivyo kando ya Ziwa Viktoria, si ajabu kuona mashine ndogo ya mashua imening'inizwa ukutani, imefunikwa gunia, nayo haijanguruma kwa miaka mingi. Aliyeinunua ameshafariki au ameshindwa na uzee. Mrithi wake, ambaye labda ni karani mjini, akija likizo huitazama, huigonga kwa kidole, kisha hukata shauri kwamba haifai ila kuuzwa kwa uzito wa chuma. Shauri hilo mara nyingi ni la haraka mno. Mdogo wake aliyebaki kijijini bado hupiga kasia kwenda na kurudi, na upepo ukimgeukia jioni akiwa nje ya mwamba, hana msaada ila mikono yake.

Mashine za namna hii zina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Cameron Waterman wa Marekani alikuwa akiziuza kabla ya mwaka 1909, ambao ndio mwaka Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norwei aliyekaa Milwaukee, alipoanza kuuza ya kwake yenye nguvu za farasi moja na nusu. Uingereza nayo ilitoa Seagull, iliyoanza kuundwa Wolverhampton mwaka 1931, na baadaye kazi ikahamishiwa Poole, mji wa bandari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ziliundwa kwa maelfu kwa ajili ya majeshi. Kiwanda kiliacha kuziunda katika miaka ya 1990, lakini vipuri vyake vingali vikiuzwa huko Uingereza, na mashine zenyewe zimetapakaa duniani kote. Hiyo Seagull ndiyo yafaa kuwa mfano hapa, kwa kuwa haina siri. Haina betri, haina nyaya nyingi, na mtu mwenye spana chache, bisibisi, msasa laini na subira aweza kuifungua karibu yote.

Kosa la kwanza la mrithi ni kushika kamba na kuivuta kwa nguvu zake zote ili aone kama itawaka. Asifanye hivyo. Mashine iliyolala miaka kumi yaweza kuwa na kutu ndani ya silinda, na kuivuta kavu ni kuikwaruza. Na aondoe plagi kwanza, amimine vijiko viwili vitatu vya oili nyepesi katika tundu lake, aiache hata kesho yake, kisha alizungushe gurudumu la juu kwa mikono miwili polepole. Likikataa, aongeze oili na kungoja siku nyingine mbili au hata wiki nzima. Nyundo isikaribie hapo. Gurudumu lile lina sumaku ndani yake, na pigo moja laweza kulipasua au kupinda mhimili ulio chini yake. Vivyo hivyo kwa boliti zilizoshikwa na chumvi: anayezilazimisha huzikata vichwa, na kazi ya siku moja ikawa ya mwezi mmoja. Oili, joto kidogo, na kuirudisha boliti mbele na nyuma robo kwa robo, ndiyo njia.

Gurudumu likizunguka vyema, mtu mmoja aweke kidole gumba juu ya tundu la plagi na mwenzake avute kamba. Pumzi ikikisukuma kidole kwa nguvu, silinda na pistoni zingali na uhai. Ikiwa pumzi ni dhaifu sana, gasketi ya kichwani imeoza au pete za pistoni zimeganda, na hapo yafaa kumwita fundi kabla ya kutumia fedha nyingine.

Sasa ndipo huja jambo linalowashinda wengi, yaani cheche. Mashine hii hujitengenezea umeme wake yenyewe. Sumaku zilizo katika gurudumu hupita mbele ya koili, na umeme huzaliwa; wakati uo huo vidonge viwili vya chuma vinavyogusana, ambavyo mafundi huviita poenti, huachana ghafula, na kuachana huko ndiko kunakoifanya koili itupe umeme mkali mpaka kwenye plagi. Kutokana na maelezo haya msomaji ataona mambo mawili. La kwanza, anayevuta kamba kwa ulegevu hapati cheche hata kama kila kitu ni kizima, kwa sababu sumaku hazikupita kwa kasi. La pili, uchafu mdogo kabisa kati ya vidonge hivyo, hata ule ukungu wa kijani unaoletwa na hewa ya bahari, watosha kuizima mashine nzima.

Kwa hiyo na afunge plagi mpya kwenye waya wake, ailaze juu ya chuma cha silinda mbali na tundu lake, avute kamba akiwa kivulini na kutazama. Hakuna budi kusema hapa kwamba majaribio haya hayafanywi penye kopo la petroli lililo wazi, wala ndani ya banda lenye harufu yake, wala na mtu aliye na sigara. Cheche ya buluu yenye mlio ni habari njema. Isipoonekana, na afungue kifuniko cha poenti, avisugue vidonge kwa msasa laini sana, avipanguse kwa kitambaa kisafi kilicholowa petroli kidogo, aache pakauke, kisha apime nafasi yake vinapoachana. Nafasi hiyo iwe nusu milimita, na ile ya ncha za plagi ni nusu milimita pia. Asiye na kipimo cha mabati membamba aazime kwa fundi wa motokaa. Kukisia kwa jicho kumewapotezea watu wengi siku zao. Cheche ikiwa bado haionekani, na autazame waya mnene uendao kwenye plagi. Mpira wake ukiwa umepasuka, umeme hurukia chuma kabla ya kufika, na mtu akivuta kamba gizani huona vimulimuli vya buluu vikicheza kando ya waya. Basi hapo ugonjwa umejulikana.

Petroli haina matata mengi. Ile ya zamani iliyobaki katika tangi imwagwe mahali isipoweza kudhuru kisima wala shamba, kwani imegeuka kitu kinachonata kama gundi. Tangi lisuuzwe kwa petroli mpya mara mbili, na kijichungi chake kisafishwe. Kabureta ifunguliwe juu ya kitambaa cheupe ili kijiskrubu kikianguka kionekane. Kile kitundu chembamba cha kupitishia petroli kizibuliwe kwa kupuliza, wala kisichokolewe kwa waya. Waya hukipanua, na tangu siku hiyo mashine hunywa kupita kiasi na kutoa moshi mweusi, na mwenyewe asijue ni nani aliyemroga.

Lakini oili yahitaji maneno marefu zaidi, maana hapa ndipo mashine nyingi nzima zilipouawa na watu wenye nia njema. Mashine ya mapigo mawili haina hodhi la oili kama motokaa. Oili huchanganywa na petroli katika kopo, na mchanganyiko huo ndio unaopita chini ya pistoni na kulainisha kila kitu kabla ya kuungua. Katika Seagull za zamani, zile za kabla ya mwisho wa miaka ya 1970, kipimo kilichowekwa na waundaji ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 10 za petroli, yaani nusu lita ya oili kwa lita 5. Kijana aliyezoea mashine za siku hizi hushtuka akisikia hivyo. Hudhani ni uharibifu wa fedha, naye hupunguza mpaka sehemu 1 kwa 50 kama afanyavyo kwa mashine mpya ya jirani yake. Mashine hukimbia vizuri siku hiyo, na pengine wiki hiyo.

Sababu ya kipimo kile kikubwa ni kwamba mhimili wa Seagull hauzunguki juu ya beringi za golori, bali ndani ya vikombe virefu vya shaba nyeusi, na oili ina kazi mbili hapo: kuvilainisha vikombe, na kuziba nafasi kati yake na mhimili ili pumzi isitoroke. Oili ikipungua, vikombe huliwa, pumzi huvuja, mashine huwa ngumu kuwaka, na mwenyewe huanza kulaumu plagi. Zile zilizoundwa baadaye zilibadilishwa ili zitumie sehemu 1 kwa 25. Nambari iliyopigwa kwenye chuma chini ya silinda ndiyo ionyeshayo mashine ni ya namna gani, na yafaa kuinakili kabla ya kuagiza kipuri chochote. Ni kweli kwamba oili nyingi huacha utando juu ya maji, nalo ni jambo la kuchukiza penye mazalio ya samaki. Anayeweza kununua mashine mpya isiyotoa uchafu huo hana sababu ya kuionea haya.

Sanduku la gia lililo chini karibu na rafadha huhitaji oili nzito ya peke yake. Ile ya zamani ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Imwagwe na kutiwa mpya. Rafadha yenyewe huzungushwa kwa springi nene, ambayo hupokea pigo pale rafadha igongapo jiwe. Springi iliyochakaa kwa kutu ibadilishwe bila kubishana.

Baada ya hayo mashine ifungwe kwenye ubao imara juu ya pipa la maji matamu, na maji yafunike sanduku la gia lote. Seagull nyingi hazina klachi: ikiwaka, rafadha inazunguka papo hapo, na maji ya pipa huwarukia watazamaji. Kwa sababu hiyo watoto wakae mbali, na kwa mara ya kwanza rafadha yaweza kuondolewa kabisa, mradi mashine isipewe petroli nyingi. Kitundu cha hewa juu ya tangi kifunguliwe, kisha bomba la petroli. Kijiti cha kabureta kibonyezwe mpaka petroli ianze kudondoka. Kizuizi cha hewa kifungwe. Kamba izungushwe juu ya gurudumu, fundo lake likae katika pengo, na mvutaji atazame nyuma yake kabla ya kuvuta, maana kiwiko kimewavunja wengine meno. Ikiwaka, kizuizi cha hewa kifunguliwe polepole. Maji yaliyovutwa na pampu ni lazima yaonekane yakitoka. Yasipotoka kwa muda wa dakika moja, mashine izimwe; njia zake zimezibwa na chumvi au na nyumba ya nyigu, na silinda yaweza kuungua.

Safari ya kwanza isiwe ya kwenda kuvua. Iwe ya asubuhi, ndani ya mwamba, kando ya ufuo, na makasia mawili yawemo chomboni pamoja na plagi moja, springi moja, kamba ya akiba na spana ya kuvifungia. Mashine itiwe kamba nyingine nene kutoka kwenye mwili wake mpaka kwenye mbao za chombo, kwa kuwa vishikizo vilivyolegea vimezamisha mashine nyingi nzima. Ikirudi, na ifungwe bomba la petroli ili ijizime yenyewe na kabureta ibaki kavu, kisha izungushwe katika pipa la maji matamu kwa dakika chache kuondoa chumvi, ipanguswe kwa kitambaa cha oili, na kuning'inizwa wima mahali pale pale ilipokuwa. Lile gunia lililoifunika miaka yote lisirudishwe juu yake, maana hushika unyevu.