Mto Ukibanwa Huchimba

Kila mvua kubwa inaponyesha Dar es Salaam, lawama huelekezwa kwa Mto Msimbazi. Husemwa kwamba mto unakula nyumba, unaziba madaraja na kuifunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani. Lawama hizo zafaa kuchunguzwa, kwani sehemu yake kubwa yawastahili wale walioubana mto.

Msimbazi hutoka vilima vya Pugu, hupita Vingunguti, Tabata na Kigogo, kisha huingia baharini penye Daraja la Selander. Njiani humo wapo wenye viwanja ambao, kila mmoja kwa wakati wake, wamesogeza ukuta, wamemwaga vifusi au wamepanga magunia ya mchanga ili kujiongezea hatua chache za ardhi. Kila mmoja hujiona amechukua kidogo tu.

Lakini maji hayapungui kwa sababu njia imepungua. Mto wenye upana wa mita 40 ukibanwa ukabaki mita 20, maji yale yale hayana budi kupita kwa kina kikubwa zaidi na kwa kasi kubwa zaidi. Nguvu ya kubeba mchanga nayo hupanda upesi kuliko kasi yenyewe: kasi ikizidi mara mbili, mchanga unaobebwa huzidi mara nyingi zaidi. Hapo mto huanza kuchimba sakafu yake. Kingo hukosa egemeo, ukuta uliogharimu fedha nyingi huinama na kuanguka, na nguzo za daraja huachwa wazi. Mwalimu wa jiografia aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa rundo la mchanga, vibao viwili na ndoo ya maji, haihitajiki maabara.

Mchanga uliochimbwa haupotei. Pale bonde linapotanuka na mteremko kupungua, maji hupoteza nguvu na kuutua mzigo. Mahali penyewe ndipo Jangwani. Mara nyingi mitambo imefukua tope chini ya daraja, na mvua iliyofuata ikalirudisha. Si tope lote litokalo kwenye kingo zilizobanwa, la hasha. Wachimba mchanga na mashamba ya vilimani yana sehemu yao. Hata hivyo mkondo uliojaa tope hauna nafasi ya maji, na wanaoumia ni wengine kabisa, si waliojenga kuta. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na wakazi wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande.

Asidhani mtu kwamba haya ni makosa ya nchi changa pekee. Huko Ujerumani, mwaka 1817 ilianza kazi ya kuunyoosha na kuubana mto Rhine kwa mpango wa mhandisi Johann Gottfried Tulla. Mto ulifupishwa kwa kilomita 80 hivi, na wakulima wakapata ardhi. Lakini Rhine ulijichimbia chini kwa mita kadhaa, maji ya ardhini yakashuka, na miamba karibu na Istein ikajitokeza ikawa kikwazo kwa vyombo. Tangu mwaka 1978 changarawe humwagwa mtoni chini ya lambo la Iffezheim ili mto upate cha kubeba, usizidi kujichimba. Yaani taifa tajiri limekuwa likiulisha mto mawe!

Hapa nchini, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Aidha, mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, umekusudia kuupa mto nafasi pale Jangwani, pamoja na daraja jipya. Ni hatua ya kupongezwa. Ila nafasi hiyo itajazwa mchanga wa juu iwapo mtendaji anayepiga mhuri kibali cha ukuta hatakwenda kwanza mtoni kutazama maji yatakayosukumwa na ukuta huo yataelekea kwa nani.