Kiondo Katika Mji wa Nakuru

Wako watu wadhanio kuwa ususi ni kazi ya vikongwe, ipasayo kuachwa pamoja na mavazi ya ngozi. Hao yafaa wakumbuke Pango la Mto Njoro. Mwaka 1938 Mary Leakey na mumewe Louis walichimba humo, wakaona mifupa ya watu waliochomwa, mabakuli ya mawe, shanga, na mabaki ya kamba na ususi yaliyogeuka makaa. Vitu hivyo vina umri wa miaka ipatayo 3,000.

Kiondo chenyewe kilifika Nakuru mgongoni mwa akina mama wa Kikuyu, waliokuja na waume zao kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Kilibeba viazi na mahindi, mkanda wake wa ngozi ukipita juu ya paji la uso. Nyuzi zilitolewa katika magome ya miti ya porini, zikasokotwa juu ya paja. Wakamba walitumia gome la mbuyu. Hapana kitanda cha mfumi katika kazi hii. Msusi huanzia katikati ya kitako, akazunguka na kuzunguka, akiongeza nyuzi kadiri kiondo kinavyopanuka. Kizuri kimoja humchukua siku nyingi, maana hukishika baada ya kutoka shambani na kupika.

Baadaye ulikuja mkonge, mmea wa Mexico, ulioletwa Tanganyika na Dkt. Richard Hindorf mwaka 1893, nao hulimwa hata Mogotio, kaskazini ya Nakuru. Wengine husema kiondo cha mkonge si cha asili. Basi na waache ugali pia, kwa kuwa mahindi nayo yalitoka Amerika!

Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo vilipendwa sana Ulaya na Marekani, kisha vikatokea vya kuiga, vya kiwandani, vyenye bei rahisi. Wasusi wengi walivunjika moyo. Mambo yaligeuka tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Kenya, na vikapu vikatafutwa tena sokoni. Mwaka 2021 Nakuru ulipewa hadhi ya jiji, na mwaka huo huo Unesco ikauingiza katika miji yake ya ubunifu kwa sababu ya kazi za mikono.

Sifa hizo ni njema, lakini hazimlipi msusi. Binti amwonaye mama yake akipewa fedha kidogo na mchuuzi, na kiondo kile kile kikiuzwa ghali Nairobi, hatajifunza kusuka hata akihubiriwa utamaduni mchana kutwa. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi yazitaka serikali za kaunti kuweka daftari la maarifa hayo. Daftari hilo na liandikwe pamoja na wasusi wenyewe, wa Njoro, wa Bahati na wa Molo, bila kujali kabila. Naye mnunuzi, kabla ya kutoa fedha, na akipindue kiondo akitazame kitako: cha mkono huonyesha pale katikati mahali msusi alipoanzia.