Mtoto wa Mtinko Hakatai Mboga, Mboga Ndiyo Haipo Sufuriani

Septemba 2022, jijini Dodoma, wakuu wa mikoa ya Tanzania Bara walisaini mkataba wa lishe mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Miongoni mwa mambo wanayopimwa ni idadi ya shule zinazowapa wanafunzi angalau mlo mmoja kwa siku. Kwa kipimo hicho, shule iliyokoroga uji mtupu wa mahindi inalingana na shule iliyopika makande na mchicha. Mlo ni mlo. Kisha, kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, akina mama wanahimizwa wawazoeshe watoto wao kula mboga za majani.

Himizo hilo limekosea mlango. Mtoto anayekaa shuleni mchana kutwa hawezi kuzoea kitu ambacho shule yenyewe haipiki.

Mtinko ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida, katika ukanda mkavu wa kati ya nchi, ambako mvua huja msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Wakati huo mboga haina bei. Mlenda hujiotea wenyewe kati ya mtama na alizeti, mgagani huchipua penye samadi, majani ya kunde na ya maboga huchumwa hatua chache kutoka jikoni. Wanaotumwa kuchuma ni watoto hao hao, na jioni wanauburuza mlenda kwa tonge la ugali wa uwele bila kubembelezwa na mtu. Kumhubiria Mnyaturu wa Mtinko kuhusu mlenda ni kama kumfundisha mtu wa Pemba kula samaki.

Shida huanza Julai. Mashamba yamekauka, na mchicha unaofika gulioni ni wa kumwagilia, kwa hiyo fungu lake lina bei. Kufikia Septemba, mzazi mwenye shilingi chache ananunua nyanya na kitunguu cha kuungia, basi.

Wapo wanaosema bustani za shule zitamaliza tatizo. Zinafaa, penye kisima. Bustani inayongoja mvua hustawi miezi ile ile ambayo kila nyumba imeshiba majani. Wengine wanadai watoto wa siku hizi wanadharau mlenda na wanataka chipsi. Huenda mijini ni hivyo.

Hoja nzito iko kwingine, nayo ni orodha ya michango. Chakula cha shule za kutwa hutegemea wazazi, na wazazi huombwa mahindi, maharage, chumvi, mafuta na fedha ya mpishi. Mahindi na maharage yametangulia kwa sababu yanakaa ghalani. Mboga imeachwa nje kwa kudhaniwa kuwa ni kitu cha kuchuma leo na kuliwa leo. Dhana hiyo ni ya mtu asiyeijua Singida. Wanyaturu, kama majirani zao Wagogo na Wanyiramba, wamekuwa wakianika majani wakati wa masika, wakiyatwanga na kuyatunza kwa ajili ya kiangazi, tangu zamani kabla Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania haijaundwa mwaka 1973. Unga wa mlenda ni mwepesi kubeba, hauhitaji jokofu, na hupikwa kwa maji, chumvi na karanga zilizotwangwa. Kama debe la mahindi linaweza kuandikwa kwenye daftari la michango, kibaba cha mlenda mkavu kinashindikana vipi?

Ni kweli kwamba kuanika huondoa sehemu kubwa ya vitamini C, na jua kali huharibu viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Dawa yake inajulikana: anika kivulini, pika na mafuta kidogo, maana viini hivyo hufyonzwa vizuri penye mafuta. Na hapa panazungumziwa Singida, nchi ya alizeti!

Tafiti za ladha za watoto, zikiwemo za Leann Birch wa Marekani tangu miaka ya 1980, zimeonyesha kwamba mtoto hukipokea chakula kigeni kwa kukionja tena na tena, pengine mara kumi au zaidi. Mwaka wa masomo una siku 194. Hakuna semina ya lishe inayoweza kushindana na sufuria inayopakuliwa siku zote hizo.

Kinachoudhi ni kwamba serikali inayajua haya. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji wa mwaka 2023 unataja makundi sita ya vyakula, na mboga zina kundi lake. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 59 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Nchi yenye takwimu hizo inahesabu sufuria bila kufunua kifuniko, kisha inamgeukia mama wa Mtinko na kumwambia ajitahidi! Brazil ilitunga sheria mwaka 2009 iliyotaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule inunue mazao ya wakulima wadogo, na kanuni zake zikataja kiasi cha matunda na mboga. Hawakuishia kuhesabu mlo.

Mkataba ujao wa lishe uongezewe swali moja: mwezi Septemba, shule ngapi zilipika mboga, na siku ngapi kwa wiki? Mkoa usiokuwa na jibu usipewe alama ya mlo. Kamati za shule za Mtinko, kwa upande wao, hazina sababu ya kungoja Dodoma. Majani ya kuanika huchumwa kabla mvua za Aprili hazijakatika, kwa hiyo mlenda mkavu uandikwe kwenye orodha ya michango katika kikao cha wazazi cha Januari.