Michezo ya Ndege za Vita vya Zamani

Mtu apendaye kucheza na moto na aucheze uani kwake. Hana ruhusa ya kuucheza juu ya paa la jirani. Hivyo ndivyo nionavyo maonyesho ya Ulaya na Marekani, ambako ndege za vita vya zamani hurushwa na kupinduliwa hewani ili kuwafurahisha watazamaji.

Tarehe 22 Agosti 2015, huko Shoreham, kusini ya Uingereza, jeti aina ya Hawker Hunter, iliyoundwa mwaka 1955, ilipanda ili izunguke hewani kama gurudumu. Ilipaswa kufika futi 3,500. Ikafika 2,700 tu. Nafasi ya kushuka na kuinuka tena haikutosha, ikaanguka katika barabara kuu na kuua watu 11. Rubani alipona. Uwanjani hakufa mtazamaji hata mmoja. Waliokufa walikuwa nje, na miongoni mwao vijana wawili waliokuwa safarini kwenda kucheza mpira.

Wako wasemao, "Ajali haina kinga." Neno hilo ni faraja kwa mfiwa, si udhuru kwa mwenye kuandaa mchezo. Mara baada ya msiba huo, wakuu wa usafiri wa anga wa Uingereza walizikataza jeti za zamani kupinduka juu ya nchi kavu. Zikaruhusiwa kupita tu. Jambo lililowezekana baada ya mazishi, mbona halikuwezekana kabla?

Wala kupita tu si salama pasipo utaratibu. Tarehe 12 Novemba 2022, huko Dallas, Marekani, ndege mbili za Vita vya Pili vya Dunia ziligongana, wakafa wote 6 waliokuwamo. Wachunguzi waliona ya kuwa hapakuwa na mpango wa kutosha, uliopangwa mapema, wa kuzitenga.

Wengine husema kwamba ndege hizo hukumbusha ushujaa wa waliopigana. Ni kweli, na kuwaheshimu ni wajibu. Lakini wao walihatarisha roho zao vitani. Sisi twahatarisha roho za wapita njia kwa ajili ya kutazama. Ndege ikiwekwa katika jumba la makumbusho, au ikirushwa taratibu mbali na nyumba na barabara, kumbukumbu haipungui. Shujaa hatukuzwi kwa kuongezewa wafu.

Basi wewe kijana, siku utakapopewa mamlaka ya kuruhusu mchezo wowote, usiulize tu watazamaji watafurahi kiasi gani. Uliza ni nani apitaye nje ya ua.