Waraka kwa Wachezaji Wenzangu Kuhusu Uraibu wa Gemu

Kwa: Wanachama wote wa chama chetu cha wachezaji
Yah: Wenzetu wanaomezwa na gemu

Ndugu wanachama,

Kamati imenituma niwaandikie juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua ila tunaona haya kulitaja: wapo miongoni mwetu ambao kwao gemu imeacha kuwa mchezo.

Kwanza niitetee gemu, maana wengi wanaoisema vibaya hawajawahi kuicheza. Gemu ya mtandaoni ya World of Warcraft ilifunguliwa Novemba 2004, na kufikia 2010 ilikuwa na wateja wanaolipia zaidi ya milioni 12. Watu hao hawakuwa wajinga. Mle ndani ukifanya kazi unalipwa papo hapo, na cheo chako kila mtu anakiona. Kijana aliyesambaza barua za kuomba kazi mpaka soli zikaisha, asijibiwe hata moja, akiingia humo anaua nguruwe pori kumi na kupewa viatu vipya kabla chai yake haijapoa. Nani asiyependa kulipwa?

Tena kuna Mats Steen wa Norway. Ugonjwa wa Duchenne ulimla misuli tangu utotoni, akaishia kwenye kiti cha magurudumu, na mwaka 2014 akafariki akiwa na miaka 25. Wazazi wake waliamini mtoto wao ameondoka duniani bila rafiki. Baba yake alipotangaza msiba mtandaoni, barua pepe zikamiminika kutoka nchi mbalimbali: za watu waliomjua kwa jina la Ibelin, aliowasikiliza na kuwashauri usiku kucha ndani ya gemu hiyohiyo. Baadhi yao walisafiri kwenda kumzika. Atakayewaambia kwamba marafiki wa mtandaoni si marafiki, msimulieni habari hii.

Ila urafiki huohuo ndio unaofunga mlango. Wakongwe wanalikumbuka pango la Molten Core katika gemu hiyo: lilihitaji kikosi cha watu 40, saa kadhaa bila kunyanyuka, na ukishaliangusha jitu la mwisho hulioni tena mpaka wiki ijayo. Ukiitwa ukale, unawaangusha wenzako 39. Mtu anayeng'ang'ania kiti saa nane za usiku mara nyingi raha imeshamwisha zamani. Kilichobaki ni kuogopa lawama. Na kwenye simu mambo ni yaleyale. Mechi ya Free Fire ina watu 50 na huchukua kama dakika kumi, kwa hiyo “hii ya mwisho” husemwa mpaka adhana ya alfajiri, bando likikatika linaungwa jingine, na pesa ya nauli inageuka almasi za gemu.

Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu huu katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Halikuweka idadi ya saa. Linauliza kama mtu ameshindwa kujizuia, kama gemu imetangulia mambo mengine yote ya maisha yake, na kama anaendelea ingawa madhara anayaona, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Kwa hiyo tusimwite mgonjwa kila aliyekesha kwenye fainali. Wengine wamejaribu sheria: China, tangu 2021, mtoto chini ya miaka 18 anaruhusiwa saa moja tu kwa siku, tena Ijumaa, wikendi na sikukuu pekee. Korea Kusini iliwafungia watoto gemu usiku kuanzia 2011, kisha ikaifuta sheria yake yenyewe. Serikali haikai chumbani kwa mtu. Sisi tumo humo kila usiku, kwenye vipokea sauti vyake.

Na zile lawama tunazitoa sisi. Ndiyo maana kamati inaagiza mechi zote za chama zimalizike saa nne usiku. Anayeondoka katikati kwa sababu ameitwa na mama, kazi au mtihani, asitukanwe wala asitolewe kikosini. Anayeonekana hewani saa zote huku vikaoni haonekani, jirani yake aende akabishe hodi nyumbani. Ujumbe wa ndani ya gemu hautoshi, maana huko ndiko alikojificha.

Na wewe uliyesoma dalili hizo tatu ukajiona, mwambie mwanakamati yeyote. Tutakwenda nawe hospitali, kitengo cha afya ya akili, na nafasi yako kikosini itakungoja.

Utaratibu huu unaanza Jumamosi hii.

Wenu,
Katibu