Siku Moja ya Makomamanga Jabal Akhdar

Kila uwadiapo mwezi wa Septemba, joto la Maskati likaanza kulegea na makomamanga yakawa yameiva juu ya mlima wa Jabal Akhdar, jamaa wengi wa Oman, wakiwamo ndugu zetu ambao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani mwao, hupanga safari ya kwenda na kurejea siku ile ile. Na wengi, kwa maoni yangu, huiharibu siku hiyo kwa tamaa ya kutaka kuona kila kitu, wakikimbilia genge hili na lile kupiga picha, hata jua likachwa nao hawajaonana na mkulima hata mmoja.

Msafiri na aondoke baada ya sala ya alfajiri, apate kuwahi Birkat al Mawz, chini ya mlima, kabla jua halijawa kali. Hapo polisi hulizuia kila gari lisiloendeshwa kwa magurudumu yote manne, nayo ni amri ya busara isiyostahili manung'uniko, kwani barabara ile, ijapokuwa ina lami, hupanda hata uwanda wa Saiq, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, na katika kuteremka dereva asiyetia gia ya kwanza au ya pili huziunguza breki zake.

Akishafika juu, na achague njia moja tu, ile ya miguu iungayo vijiji vya Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah, aifuate taratibu. Huko vishamba vimepangwa ngazi kwa ngazi ubavuni mwa genge, na maji ya falaji, mfumo wa jadi wa kumwagilia mashamba, hupita ukingoni katika kijifereji chembamba. Mkulima huziba tundu moja la mfereji kwa jiwe na tambara, akazibua jingine, kwa kuwa kila mmoja ana zamu yake ya maji iliyohesabiwa. Mvua zimekuwa haba, na baadhi ya vishamba vimekwisha kuachwa vikakauka; kwa hiyo kutia mguu ndani ya mfereji ule, au kuchuma tunda bila ya idhini, ni dhuluma iliyo dhahiri. Makomamanga na yanunuliwe kwa mwenye shamba mwenyewe, bila ya kumkandamiza bei.

Baada ya sala ya alasiri safari ya kurudi ianze, ili kona za barabara ile ya mlimani zipitwe kungali na mwanga.